Jina na Mkono

Vitu viuzwavyo duniani ni vya namna mbili. Kuna vitu ambavyo hupita kutoka mkono mmoja hadi mwingine bila ya kupungua: dhahabu ni dhahabu kwa muuzaji, na ni dhahabu kwa mnunuzi, shamba la minazi halijui ni nani alimilikiye. Kisha kuna vitu ambavyo havina maisha ila katika mkono uliovizaa. Ujuzi wa tabibu, imani ya rafiki na uangalifu wa fundi ni vya namna hii. Mtu aweza kumwajiri tabibu, lakini hawezi kuununua utabibu wake na kuupeleka nyumbani mfukoni. Jina la karakana husimama katikati ya namna hizi mbili, na kwa sababu hiyo huwatatiza wengi. Kwa mwanasheria jina ni mali: huandikwa, hukadiriwa, huuzwa na kurithiwa. Kwa mteja jina ni ahadi: alisikiapo huamini kwamba kazi fulani imefanywa kwa namna fulani na watu wa namna fulani. Basi pana swali listahililo kufikiriwa: mali ikiuzwa, ahadi huenda wapi?

Historia ya mafundi wa kompyuta za anasa wa Amerika ya Kaskazini ni mfano mwema wa swali hili, kwa kuwa ni historia fupi, na mwanzo wake na mwisho wake huonekana bila ya darubini. Katika miaka ya 1990 kompyuta zilikwisha kuwa bidhaa ya jumla. Viwanda vikubwa vilizitoa kwa maelfu, zikiwa na makasha yaliyofanana na rangi zilizofifia, zikikusudiwa zaidi kuandikia barua na kuhesabia fedha. Wapenzi wa michezo ya kompyuta hawakutoshelezwa nazo. Mchezo wa kurusha ndege au wa kupigana vita katika kioo ulidai nguvu kubwa kuliko ile iliyomtosha karani. Ndipo wakatokea watu wachache walioijua haja hiyo kwa sababu wao wenyewe walikuwa nayo. Rahul Sood alianzisha VoodooPC katika mji wa Calgary, Kanada, mwaka 1991. Kelt Reeves alianzisha Falcon Northwest, Marekani, mwaka 1992. Nelson Gonzalez na Alex Aguila, marafiki wawili wa Miami, walianzisha Alienware mwaka 1996.

Mafundi hawa waliuza kitu gani? Jibu la haraka ni kwamba waliuza kompyuta, lakini jibu hilo halitoshi. Hawakutengeneza prosesa, zilitoka Intel na AMD. Hawakutengeneza moyo wa kadi za picha. Ulitoka Nvidia na ATI. Kumbukumbu, diski na skrubu zao zilikuwa zile zile ambazo mtu ye yote mwenye fedha angeweza kuzinunua. Mtu aliyeviorodhesha vipuri vya mashine yao na kuzijumlisha bei zake aliona kwamba mteja ametozwa zaidi, na pengine zaidi sana. Ziada ile ilikuwa bei ya nini?

Ilikuwa bei ya saa za watu. Fundi alikaa akachagua vipuri vilivyopatana, maana vipuri viwili vyema si lazima viwe jozi njema. Alizipanga nyaya hata hewa ikapita bila ya kizuizi. Aliuzidisha mwendo wa prosesa kupita kipimo cha kiwanda, kisha akaijaribu mashine kwa muda mrefu ili ajue kama itastahimili joto. Pale ambapo feni haikutosha aliweka mabomba ya maji ya kupozea. Kasha lilipakwa rangi ya namna ya magari, tabaka juu ya tabaka. Na mteja alipopatwa na shida alitumaini kujibiwa na mtu aliyeijua kazi ile, si na mtu aliyesoma majibu katika karatasi. Kwa ufupi, walichouza ni uangalifu; kompyuta ilikuwa chombo cha kuuchukulia.

Wahenga walisema kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Majina ya karakana hizi yalienea hata kwa watu ambao hawangeweza kamwe kuzilipa bei zake. Kijana aliitazama picha ya kompyuta ya Alienware kama vile mwingine aitazamavyo picha ya gari la mbio. Sifa ya namna hii haifichiki machoni pa matajiri. Mwezi wa Machi mwaka 2006 Dell ilitangaza kuinunua Alienware, na mwezi wa Septemba mwaka ule ule HP ilitangaza kuinunua VoodooPC. Hizi zilikuwa kampuni mbili kubwa mno katika biashara ya kompyuta. HP ilikuwa imekwisha kuimeza Compaq mwaka 2002. Katika miezi sita majina mawili mashuhuri kuliko yote ya ufundi huu yalipata wenyewe wapya.

Ahadi zilizotolewa wakati ule zilikuwa nzuri. Ilisemwa kwamba Alienware ingeendelea na uongozi wake, uchoraji wake wa mashine, uuzaji wake na huduma yake kwa wateja. Sood alipewa cheo kikubwa cha teknolojia katika idara ya michezo ya HP. Hapana sababu ya kudhani kwamba maneno haya yalisemwa kwa hila. Yamkini waliosema waliamini, na walioambiwa waliamini. Jambo hili latakiwa kukumbukwa, kwa sababu kisa chenye mhalifu ni chepesi kuhukumu, na kisa hiki hakina mhalifu.

Mwisho wa Voodoo ulikuja upesi. Mwanzo wa ndoa ulizaa matunda: mwaka 2007 ilitolewa Blackbird 002, mashine ya jina la HP iliyobeba akili ya mafundi wa Voodoo, na wajuzi waliisifu. Mwezi wa Juni mwaka 2008 zilionyeshwa kompyuta mbili za jina la Voodoo lenyewe: Envy 133, mpakato mwembamba wenye mwili wa nyuzi za kaboni, na Omen, mashine ya mezani yenye kasha la alumini na mabomba ya maji. Lakini mwezi wa Januari mwaka 2009 ilipotolewa Firebird, jina la Voodoo halikuwa tena jina la mtengenezaji. Liliandikwa kando, VoodooDNA, kama mtu atajavyo nasaba ya babu aliyekufa. Mwaka ule ule HP ilianza kuuza kompyuta zake zilizoitwa Envy. Mwaka 2010 Sood aliondoka. Mwaka 2014 jina la Omen likarudi juu ya mpakato wa HP. Karakana ilikuwa imekwisha kutoweka. Majina ya watoto wake yakawa yanatembea mjini na ukoo mwingine.

Mwisho wa Alienware si mwisho, na kwa hiyo una mafunzo zaidi. Dell haikulizika jina hilo bali ililikuza. Mwaka 2008 iliamua kwamba mashine zake yenyewe za michezo, zilizoitwa XPS, ziipishe Alienware. Mwaka 2010 ikatoa M11x, mpakato mdogo ambao bei yake ilianzia dola 799. Kijana aliyekuwa akitazama picha tu sasa aliweza kuweka akiba na kununua. Hilo ni jema, na asiyelikiri hasemi kweli. Lakini kadiri miaka ilivyopita, mashine ya mezani iitwayo Aurora ilijengwa juu ya ubao mama na kisanduku cha umeme vyenye maumbo ya Dell peke yake, hata mwenye mashine akashindwa kuvibadili kwa vipuri vya kawaida vya soko. Kompyuta iliyozaliwa kutokana na uhuru wa kuchagua kipuri ikawa kompyuta imnyimayo mwenyewe uhuru huo huo. Mwaka 2025 Dell ililirudisha jina la kale la Area-51 juu ya mashine iliyoweza kupokea tena vipuri vya vipimo vya kawaida. Hiyo ni dalili kwamba deni la jina lilikuwa bado linajulikana, na kwamba sehemu yake iliweza kulipwa.

Kwa nini mambo hayakuweza kubaki yalivyokuwa? Sababu haiko katika tabia ya watu bali katika hesabu ya kazi. Kiwanda kikubwa hupata faida yake kwa kupunguza dakika zitumiwazo katika kila mashine. Karakana ya anasa hupata sifa yake kwa kuziongeza. Kila mmoja ana haki katika nyumba yake. Lakini mmoja akiingizwa katika nyumba ya mwingine, lazima mmoja anyenyekee, na aghalabu hunyenyekea mgeni. Hapana mkutano uliokaa na kuazimia kuuua uangalifu. Meneja mmoja aliuliza kwa nini rangi isinunuliwe mahali pamoja. Wa pili aliuliza kwa nini simu zisijibiwe mahali pamoja. Wa tatu aliuliza kwa nini nyaya zipangwe kwa muda mrefu hali kompyuta hufanya kazi hata zikipangwa kwa muda mfupi. Kila swali lilikuwa na akili. Majibu yote kwa pamoja yalikuwa mauti.

Haki yataka isemwe pia kwamba ununuzi haukuwa sababu ya pekee. Msukosuko wa fedha wa mwaka 2008 uliwapunguza wanunuzi wa anasa. Vipuri vilizidi kuwa rahisi kuunganishwa, na vijana wengi walijifunza kujijengea mashine zao nyumbani. Kompyuta za kupakata zikapata nguvu zilizokuwa zamani za mashine za mezani peke yake. Karakana ambazo hazikununuliwa nazo zilipigwa na upepo huu. Kwa hiyo asemaye kwamba Voodoo ingekuwa hai kama isingeuzwa husema neno asiloweza kulithibitisha.

Tena yafaa kukumbuka wanunuzi walitoka wapi. Michael Dell alianza biashara yake mwaka 1984 katika chumba cha mwanafunzi, Chuo Kikuu cha Texas, mjini Austin, akiziunda kompyuta kwa matakwa ya kila mteja. Bill Hewlett na Dave Packard walianza mwaka 1939 katika banda la gari la nyumba moja ya Palo Alto. Wakubwa nao walikuwa mikono michache siku moja. Ukubwa si kabila la watu wabaya. Ni umri ambao biashara huufikia ikifanikiwa. Pengine kilichotamaniwa na kampuni hizi mbili mwaka 2006 ni ujana wao wenyewe, na ujana, kama ijulikanavyo, haununuliwi.

Sasa na zisikilizwe hoja za wale wasioona kosa lo lote katika jambo hili. Hoja ya kwanza ni ya haki ya mwanzilishi. Yeye ndiye aliyekesha, ndiye aliyekopa, ndiye aliyeogopa mwisho wa mwezi; kwa nini asile tunda la mti wake? Hoja hii ni ya kweli. Karakana ndogo hununua vipuri vichache kwa bei ya juu, na mwaka mmoja mbaya hutosha kuifunga. Kumwambia mwanzilishi asiuze ni kumwambia abaki katika hatari maisha yake yote kwa furaha ya watu wengine. Hapana maadili yawezayo kuamuru hivyo.

Hoja ya pili ni ya mteja mwenye macho. Yasemwa kwamba mnunuzi aweza kusoma, kulinganisha na kuamua; akiona jina limebaki na kazi imepungua, na aende kwingine. Hoja hii ni nusu ya kweli. Jina lilizaliwa kwa sababu mteja hawezi kuona ndani. Hajui ni saa ngapi mashine yake imejaribiwa, wala hajui ni nani aliyekaza skrubu zake. Kama angeweza kuyaona yote, asingelihitaji jina. Kumwambia ajilinde kwa macho yake ni kumnyang'anya fimbo kipofu na kumshauri atazame njia.

Hoja ya tatu ndiyo yenye nguvu zaidi. Yasema: hivi vilikuwa vitu vya anasa, vya kuchezea, dunia yenye njaa haina machozi ya kulilia kompyuta za matajiri. Hapana shaka kwamba anasa ina aibu yake. Lakini anasa ina nyuso mbili. Uso wa kwanza ni anasa ya kuonekana: mtu hulipa ili wengine wajue kwamba amelipa. Uso wa pili ni anasa ya kutendewa kwa uangalifu: mtu hulipa ili kazi yake ifanywe na mtu asiyekimbizwa na saa. Na tazama ni uso upi uliopotea baada ya ununuzi. Taa za rangi hazikupotea. Kichwa cha kiumbe wa anga, alama ya Alienware, kiliendelea kung'aa juu ya kila kifuniko. Majina ya fahari hayakupotea. Kilichokwenda ni zile saa za fundi. Ubatili ulisalimika wote. Sehemu isiyo na hatia ndiyo iliyozama. Basi aichukiaye anasa hana cha kushangilia katika habari hii, maana kile alichokichukia ndicho kilichobaki.

Na uangalifu si haja ya matajiri peke yao. Mgonjwa katika foleni, mwanafunzi katika darasa la watu wengi, mjane mbele ya dirisha la posta, wote huhitaji mtu mwenye dakika za kuwatazama. Katika bidhaa nyingine uangalifu umechanganyika na mambo mengi, hata mtu hawezi kuutenga na kuupima. Katika kompyuta hizi ulikuwa uchi: vipuri ni vile vile, na ziada ya bei ni uangalifu wenyewe. Kwa hiyo mfano wa kitu cha kuchezea wafaa kufundisha jambo ambalo si la mchezo.

Ikiwa ni hivyo, wajibu uko wapi? Hauko katika kukataza mauzo. Uko katika kukiri kwamba jina si mali ya mtu mmoja. Ndani yake mna sehemu tatu: sehemu ya mwenye biashara aliyeweka fedha, sehemu ya fundi aliyeweka saa, na sehemu ya mteja aliyeweka imani. Mwanzilishi aweza kuiuza sehemu yake. Sehemu za wale wawili ni amana. Zipo mkononi mwake, lakini si zake. Anunuaye jina hununua pamoja nalo amana hizo, yaani hununua deni. Deni hilo laweza kulipwa kwa njia mbili tu. Njia ya kwanza ni kuitunza kazi iliyolipa jina maana yake. Njia ya pili, kazi isipowezekana tena, ni kuliacha jina lipumzike.

Kwa kipimo hiki, hukumu ya mambo yaliyotukia hugeuka kidogo. Watu wengi walisikitika kwamba HP iliiua Voodoo na wakasema kwamba afadhali Dell iliyoiacha Alienware hai. Lakini kulizika jina wazi ni tendo la unyofu kuliko kulivika mwili mgeni. Lililostahili lawama si kimya cha jina la Voodoo. Ni nasaba iliyoandikwa kando ya mashine ambayo mafundi wa Calgary wasingeijenga kwa namna ile. Nayo Alienware haihukumiwi kwa kuishi kwake. Yahukumiwa mwaka kwa mwaka, mashine kwa mashine: iliyojengwa kwa uangalifu yalilipa deni, iliyojengwa kwa haraka yaliongeza.

Na mikono ilikwenda wapi? Mwaka 2009 watu waliopata kufanya kazi Alienware walianzisha karakana nyingine huko huko Miami, wakaiita Origin PC, yaani asili. Walikuwa wameliacha jina nyuma yao, lakini kazi waliichukua, na wateja wengi waliwatambua. Ni ushahidi mzuri kwamba ahadi huwafuata watu, haifuati karatasi. Hata hivyo mwaka 2019 Corsair iliinunua Origin nayo, na swali lile lile likaanza upya mahali pale pale. Falcon Northwest ilichagua njia nyingine. Ilibaki Oregon, mikononi mwa mwanzilishi wake. Mwaka 2012 ilitoa Tiki, mashine ya mezani yenye upana wa inchi 4 tu, iliyotosha vipuri vya nguvu kamili. Kazi haikufa kwake. Lakini malipo ya hiari hiyo yajulikane: ilibaki ndogo. Haikusifiwa katika mabara yote, na mashine zake hazikuwafikia wale wenye dola 799. Udogo wake si utakatifu. Ni mpaka uliokubaliwa, na kila mpaka humwacha mtu nje.

Basi ahadi huenda wapi mali iuzwapo? Huenda na mikono, kama mikono yaenda. Na mikono ikibaki, hubaki kwa kadiri ya saa inazoruhusiwa. Jina lililoachwa peke yake halina uwezo wa kufanya kazi yo yote. Kwa hiyo siku ya kutia sahihi, mwanzilishi aliyechoka hakosei akipumzika, na tajiri mwenye tamaa njema hakosei akinunua. Lakini juu ya meza ile, kando ya bei na hati, wangefanya vema kuweka swali moja na kulijibu kwa maandishi kabla wino haujakauka: kesho ni nani atakayekuwa na saa za kuifanya kazi hii, na ni nani atakayezilipa?